Vijana wa mjengo ndio huiona historia kwanza, wafunzwe kuitambua

Mwaka jana mwezi wa nane nilienda Kwale na rafiki yangu kumsalimia mjomba wake. Mzee anaishi huko juu kwenye vilima vya Shimba, mahali ambapo ukisimama asubuhi unaiona bahari kwa mbali iking'aa kama bati jipya. Siku hiyo kulikuwa na kazi nyumbani. Vijana wawili walikuwa wanachimba shimo la choo. Sisi wa Nairobi tukavua mashati, tukajifanya tunasaidia. Baada ya dakika kumi nilikuwa nimeketi kando, malengelenge mkononi.

Shimo lilipofika kama kimo cha goti, jembe likaanza kugonga vitu. Kwanza vigae vya vyungu, vingine vikiwa na michirizi karibu na mdomo. Halafu madonge meusi, mazito kuliko yanavyoonekana, yenye mikunjo juu kama uji uliomwagika ukaganda.

"Mawe gani haya?" akauliza yule kijana mrefu.

Mzee alikuwa kwenye mkeka anakunywa chai. Akatupa jicho tu. "Hayo si mawe, mwanangu. Hayo ni mavi ya chuma."

Tulicheka, na nani asingecheka? Mzee hakucheka. Alisema tu kwamba zamani za babu zao kulikuwa na wahunzi, kisha akaomba chai nyingine. Madonge yakaingia ndooni, na ndoo ikaenda kumwagwa kwenye matope ya njia, pale bodaboda hukwama mvua ikinyesha. Mimi nilitia donge moja kwenye begi liwe kumbukumbu. Picha nikaipandisha mtandaoni na utani ambao sitaurudia hapa.

Miezi kadhaa baadaye, baada ya kusoma mawili matatu, nililipeleka lile donge kwa afisa mmoja wa makumbusho. Aliligeuzageuza, akatabasamu, kisha akaniuliza maswali matatu. Lilikuwa kina gani? Lilikuwa limelala pamoja na nini? Je, udongo wa hapo ulikuwa umeungua, au kulikuwa na makaa? Manze, sikuwa na jibu la hata swali moja. Aliandika kile kidogo nilichokumbuka. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba ushahidi wenyewe niliuacha kule shimoni.

Hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Kenya ina sheria ya kulinda mabaki ya kale, ina makumbusho, ina wataalamu. Lakini mtaalamu huja mwisho. Anayefika kwanza ni kijana wa mjengo mwenye jembe, yule wa mtaro, yule wa shimo la choo, yule anayepasua kilima kutoa murram. Na huyo hakuna aliyewahi kumwonyesha anachopaswa kutazama. Tusipomfunza, tutaendelea kujazia barabara kwa historia yetu wenyewe.

Hebu kwanza tuelewe lile donge ni nini, kwa sababu jina lake linachekesha lakini kazi yake haichekeshi.

Chuma hakiokotwi kikiwa chuma. Kiko ndani ya mawe mekundu au mchanga mweusi, kimeshikana na oksijeni. Kukitoa humo unahitaji tanuri la udongo, makaa mengi, na hewa inayosukumwa kwa mivukuto kupitia mabomba ya udongo. Makaa yakiungua humo ndani hutoa gesi ya kaboni monoksidi, na gesi hiyo ndiyo huinyang'anya ile madini oksijeni yake. Joto lazima lipite nyuzi 1,100 za Selsiasi hivi ili uchafu wa mawe uyeyuke na kutiririka chini. Chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, kwa hivyo katika tanuri la namna hii hakiyeyuki. Hubaki donge lenye matundu kama sifongo, na mhunzi hulipasha moto tena na kuligonga mpaka uchafu uliobakia utoke. Ule uliotiririka ukaganda ndio mavi ya chuma.

Sasa fikiria mtu anayefanya hayo bila kipimajoto. Anasoma rangi ya moto kwa jicho. Anasikiliza sauti ya mivukuto. Anajua mti gani unatoa makaa ya kufaa na upi utamharibia kazi ya siku nzima. Anajua udongo upi hautapasuka. Akikosea hatua moja, anabaki na rundo la mawe meusi na njaa.

Jembe alilotengeneza huyo mtu halipo tena. Chuma hushika kutu kikaisha, hasa kwenye udongo wetu wa mvua. Lakini taka zake zipo, kwa sababu zimekuwa kama kioo na haziozi. Kwenye donge la mavi ya chuma mtaalamu anaweza kujua ni madini ya aina gani yaliyotumika na tanuri lilifikia joto kiasi gani. Kipande cha mkaa kikinaswa humo ndani kinaweza kupimwa kwa radiokaboni kikatoa umri. Taka hizo zimetunza kumbukumbu ambayo hakuna aliyeiandika.

Na Kwale si mahali padogo katika habari hii. Mwaka 1967 mwanaakiolojia Robert Soper, aliyekuwa na taasisi ya Waingereza ya utafiti iliyoko Nairobi, alichapisha matokeo ya uchimbaji wake hapo. Makaa yaliyopimwa yalitoa tarehe za karne ya 3 Baada ya Kristo. Vyungu vyake vilikuwa na namna yake, midomo iliyokatwa kwa pembe na kuchorwa michirizi. Vyungu vya aina hiyohiyo vikapatikana pia katika milima ya Usambara na Upare, ng'ambo ya mpaka. Hao wenye vyungu wanahesabiwa miongoni mwa wakulima na wafua chuma wa kwanza wa pwani yetu na vilima vyake. Walichagua vilima, na ukiangalia unaelewa. Kule juu mvua ni nzuri kuliko kwenye nyika iliyo nyuma yake, na miti ya makaa ipo.

Wanaakiolojia wakaipa aina hiyo ya ufinyanzi jina la Kwale. Leo wanazungumzia "tawi la Kwale", ambalo nyayo zake wanazifuata kusini hadi Msumbiji na Afrika Kusini. Yaani kuna mwanafunzi huko Afrika Kusini anayeandika neno Kwale kwenye mtihani wake, wakati mimi niliyelala Kwale siku nne sikuwa najua.

Wengi wetu tulipelekwa Fort Jesus na shule. Ni safari nzuri, basi, soda, kuimba njia nzima. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593. Zile tarehe za Kwale zinaitangulia kwa zaidi ya miaka 1,300. Lakini ngome ni kubwa, ina mizinga, inapendeza kwenye picha. Kigae na donge jeusi havina bahati hiyo. Hata madini ya Kwale tuliyoyasikia kwenye habari ni yale ya titani, yaliyochimbwa kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024. Madini makuu ya mgodi ule yanaitwa ilmenaiti, na ndani yake mna chuma pia. Watu walikuwa wakitafuta chuma katika ardhi za pwani yetu muda mrefu kabla ya trekta la kwanza kufika. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma ndicho kilichowaletea faida kubwa kuliko vyote.

Usidhani ni hadithi ya pwani peke yake. Panda bara uone.

Pale Nakuru kuna Hyrax Hill, kilima ambacho ukitoka mjini unafika ukiwa bado hujamaliza mahindi yako ya kuchoma. Louis Leakey alikigundua kuwa na mabaki mwaka 1926, na Mary Leakey akaanza kuchimba mwaka 1937. Kulipatikana makazi na makaburi ya wafugaji wa kale waliotumia zana za mawe, na juu yake makazi ya Enzi ya Chuma, yenye yale mashimo mapana ya kuzungushia ng'ombe ambayo yanahusishwa na Wasirikwa. Mbao za bao zimechongwa kwenye mwamba wenyewe. Mwaka 1943 kilitangazwa kuwa mahali pa kulindwa na mwaka 1965 makumbusho yakafunguliwa. Leo Nakuru ni jiji na ploti zimebana kila upande, lakini kilima kipo. Kipo kwa sababu kuna mtu aliyetambua mapema anachokitazama.

Nenda Siaya. Kuna vyungu vya kale vyenye kibonyeo kidogo kwenye kitako, kana kwamba mfinyanzi alikigusa kwa kidole kabla ya kuchoma. Vilielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya mwaka 1948, na mmoja wa waandishi watatu alikuwa Walter Owen, kasisi wa Kianglikana. Kazi yake ilikuwa kuhubiri, akiolojia aliipenda tu. Lakini alikuwa amejifunza kutazama chini anapotembea. Siku hizi vyungu hivyo vinaitwa Urewe, jina la mahali hapo Siaya, na aina hiyo inapatikana kuzunguka Ziwa Viktoria, Buhaya, hadi vilima vya Rwanda na Burundi, ambako inaenda sambamba na mabaki ya matanuri ya chuma ya zamani sana.

Kule Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, nyingine zinazopita kimo cha watu wawili. UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Watalii hupiga picha kuta. Wachache huuliza kuhusu kazi ya chuma iliyofanywa na wenyeji wa maboma hayo.

Halafu kuna hii, na hii iliniuma kidogo. Mwaka 1910 wanandoa Waingereza, William na Katherine Routledge, walichapisha London kitabu kikubwa kuhusu Wakikuyu. Humo ndani walieleza hatua kwa hatua jinsi mafundi walivyosafisha mchanga mweusi wa madini, wakauyeyusha tanurini, kisha mhunzi akafua silaha na zana. Kazi ya kitaalamu, wameiheshimu kwa maelezo marefu. Lakini ukitazama jalada, kitabu kinaitwa "With a Prehistoric People", yaani kuishi na watu wa kabla ya historia. Mwaka 1910! Watu wenye majina, wenye watoto, wanaotengeneza chuma mbele ya macho yao, wakaitwa watu wa kabla ya historia kwa sababu hawakuwa na karatasi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na najua vile mtu hutazamwa akisema hana karatasi. Swali linalofuata huwa ni kama anajua chochote. Kwa hivyo nikisoma habari za wahunzi hawa siwezi kujifanya sina upande. Nenda Kamukunji leo, usikilize ile ngurumo ya nyundo. Kuna msee pale anakunja bati liwe sanduku la mwanafunzi wa bweni bila kuchora mstari. Ukimwuliza amesomea wapi atakuonyesha mzee aliyeketi nyuma yake. Ndivyo maarifa haya yalivyosafiri kwa karne nyingi, mkono kwa mkono. Na maarifa ya mkono yana hatari moja: aliyenayo akifa bila mwanafunzi, basi.

Watu wa Buhaya, upande wa Kagera nchini Tanzania, walikaribia kufikia hapo. Miaka ya sabini mtafiti Peter Schmidt aliwakuta wazee ambao walikuwa wameyeyusha chuma ujanani. Vyuma vya bei nafuu kutoka ng'ambo vilikuwa vimeua kazi hiyo miongo mingi nyuma. Mwaka 1976 wazee hao walikubali kujenga tanuri tena. Haikuwa rahisi. Walijaribu, wakarekebisha, wakajaribu tena. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science: tanuri la wazee lilifikia joto kali sana na kutoa chuma cha pua, na mabaki waliyofukua karibu na ziwa yalionyesha kwamba ufundi wa namna hiyo ulikuwapo huko tangu miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wataalamu wengine walibishana nao kuhusu jinsi hewa ilivyopata moto ndani ya mabomba, na mabishano ni afya ya elimu. Ila jambo moja ni wazi. Mabishano yenyewe yaliwezekana kwa sababu mabaki yalikutwa yamelala mahali pake, na wazee walikuwa bado hai wa kuulizwa.

Hapa kwetu Mkenya Chapurukha Kusimba aliandika tasnifu yake ya uzamifu, mwaka 1993, kuhusu ufuaji chuma wa pwani ya Kenya. Mbali na kusoma mabaki ya ardhini, aliwafuata wahunzi wenyewe. Kwa hivyo njia ipo, na imeshapitwa na mtu wetu.

Sasa turudi kwenye lile shimo la choo.

Donge likiwa ndani ya tabaka lake, kando yake kigae, chini yake udongo mwekundu ulioungua, linasema: hapa palikuwa na tanuri, wakati fulani, na watu waliokula kutoka vyungu vya namna hii. Donge hilohilo likiwa njiani chini ya tairi la bodaboda ni jiwe tu. Hata likirudishwa shimoni kesho, limekwisha. Ndiyo maana kosa langu halikuwa kucheka. Kosa langu lilikuwa kuliokota.

Sheria haina utata. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inasema anayegundua kitu cha thamani ya kiakiolojia awaarifu Makumbusho ya Kitaifa ndani ya siku saba, na aseme ni wapi hasa na alikipataje. Vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1895 vinahesabiwa kuwa vya kale. Katiba nayo, ibara ya 11, inaitaka serikali itambue nafasi ya sayansi na teknolojia za kiasili katika maendeleo ya taifa. Lakini tuambiane ukweli. Kati ya vijana kumi wa mjengo unaowajua, ni wangapi wamewahi kusikia habari ya siku saba? Kabla ya kuandika haya, mimi mwenyewe nilikuwa nimeivunja sheria hiyo kwa miezi.

Kuna watakaosema hatuli mawe. Kijana anayelipwa kwa kutwa hana muda wa kuhurumia kigae, na bosi wake anahesabu saa. Hilo nalielewa, nimewahi kubeba mchanga. Lakini simwombi aache kazi awe msomi. Namwombea dakika tano za kutambua na namba moja ya kupiga. Na tumbo pia lina sehemu yake hapa. Kaya Kinondo, kule Diani, ni msitu mtakatifu wa Wadigo ambao wenyeji wenyewe huwatembeza wageni kwa masharti ya wazee wao. Hakuna ghorofa pale, hakuna mzinga wala ngome. Kuna mahali palipotunzwa na watu wanaojua kupaeleza. Kilima chenye tanuri la kale kinaweza kutafutiwa njia yake pia, mradi tanuri liwe bado lipo.

Kuna hofu nyingine, nayo ni nzito zaidi. Mwenye ploti anaogopa kwamba akisema tu, serikali itakuja na utepe wa njano, atazuiwa kujenga miaka mitano, na ardhi yenyewe huenda ikaondoka. Katika nchi ambayo watu wamepoteza mashamba kwa karatasi wasizozielewa, hofu hiyo si upuzi. Mtu akiogopa hivyo atafukia usiku. Ndiyo sababu jukumu la kwanza nalirudisha kwa wenye ofisi: toeni ahadi iliyoandikwa na inayoeleweka. Mtu akiripoti, mtaalamu afike ndani ya siku chache. Kwa shimo la choo au msingi wa nyumba ndogo, mara nyingi itatosha kupima, kuchora, kupiga picha, kuchukua sampuli na kumwacha mwenyewe aendelee. Pale patakapohitajika zaidi, alipwe fidia ya haki, tena mapema.

Baada ya hapo kuna mambo matatu ambayo hayahitaji bajeti ya kutisha.

La kwanza, kila kozi ya uashi kwenye vyuo vya kiufundi iwe na somo moja la mabaki ya kale. Saa mbili tu. Vigae vinafananaje, mavi ya chuma yanafananaje, udongo ulioungua una rangi gani. Wanafunzi washike kwa mikono. Kijana anayeweza kutofautisha mchanga wa mtoni na wa machimbo kwa kuusugua vidoleni hashindwi na hili.

La pili, picha. Karatasi moja yenye picha nne na namba ya simu, ibandikwe kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kwenye steji za bodaboda, kwenye ofisi za chifu. Kaunti zenye vilima vya namna hii zianze: Kwale, Taita Taveta, Nakuru, Murang'a, Siaya, Migori. Na mkandarasi wa barabara ya kaunti awape vibarua wake maelezo hayo siku ya kwanza, kama vile anavyowapa helmeti.

La tatu, na hili kwangu ndilo tamu, jina la aliyepata liandikwe. Tembelea makumbusho popote usome vibandiko. Utaona jina la mtafiti na mwaka. Aliyeshika jembe haonekani. Mwandikeni. Weka jina lake, kijiji chake akikubali, na tarehe. Kijana atakayemleta mwanawe siku moja kumwonyesha jina lake ukutani hatahitaji kufundishwa uzalendo na mtu yeyote.

Na wewe unayesoma hii ukiwa kwenye matatu, nakuachia kazi ndogo. Ukikuta vigae, madonge meusi au udongo uliokauka kama tofali mahali pasipo na tofali, usiokote. Simamisha jembe. Weka kalamu au sarafu kando yake ili ukubwa uonekane, piga picha kwa mbali na kwa karibu, andika ulipo na kina chake, kisha wapigie Makumbusho ya Kitaifa. Na tafadhali, mahali penyewe usipaweke mtandaoni. Kuna watu wanaochimba usiku wakidhani kila cha kale ni dhahabu.

Mwezi wa tatu mwaka huu yule kijana mrefu wa Kwale alinitumia picha kwenye simu. Alikuwa kwenye mjengo mwingine, ng'ambo ya bonde. Ndani ya mtaro wa msingi kulikuwa na duara la udongo mwekundu, madonge meusi pembeni, na kipande cha bomba la udongo. Kando yake alikuwa ameweka kalamu ya Bic. Chini ameandika: "Nimesimamisha kazi. Nifanye nini sasa?"

Nilimpa namba ya yule afisa. Mtaro ulisubiri siku mbili, mwenye ploti akinung'unika na wenzake wakimtania kwamba ameanza kuchimba mavi kwa heshima. Siku ya tatu akanipigia. Afisa alikuwa amefika, amepima, amechora, ametia vitu kwenye mifuko midogo yenye namba, na alasiri hiyohiyo zege likaendelea kumwagwa upande wa pili.

Kabla hajakata simu akaniuliza kama ni kweli jina lake litaandikwa mahali.

Nilimwambia litaandikwa. Nawaomba wanaohusika wasinifanye mwongo.